Dakika 96 za mkono

Kadi yangu ya mahudhurio ya fiziotherapia ina miraba kumi. Minane niliitumia mimi, na nyuma ya kadi nimeandika kwa kalamu hesabu ambayo mtunza fedha hakuniuliza: kila nilipolala kwenye kile kitanda chembamba, mkono wa mtaalamu ulikaa juu ya bega langu dakika ngapi. Ukilazwa chali na mtu amekushika mkono, cha kutazama ni feni na saa ya ukutani, nami nikachagua saa. Wastani ulitoka dakika 12. Mara nane, dakika 96.

Kikao chenyewe huandikwa dakika 30. Zilizobaki ni za kuvua shati, kuulizwa umelalaje, kupimwa, kufundishwa mazoezi na kuyarudia mbele ya mtaalamu mpaka aridhike. Ila tuliokaa kwenye lile benchi la kusubiri, wengi tulifuata zile 12. Mtu haagi nyumbani kwake akisema anakwenda kufundishwa mazoezi. Anasema anakwenda kukandwa. Kwa hiyo nilitaka kujua dakika za mkono zinagharimu kiasi gani hasa, nani anazilipa, na kama Tanzania, nchi iliyohesabu watu 61,741,120 katika sensa ya 2022 inaweza kumpa kila mwenye bega au kiuno kibovu dakika kama nilizopata mimi.

Bega la kulia lilianza kwa kuuma usiku. Miezi mitatu baadaye sikuweza kushika bomba la daladala, wala kupeleka mkono mfuko wa nyuma wa suruali kutoa nauli. Jirani mmoja alisema ni baridi yabisi. Mwingine akaniletea mafuta ya karafuu. Wa tatu akanipeleka kwa mzee wa kuchua, aliyenikanda mpaka machozi yakanitoka, akapokea shilingi zake 5,000 na kuniambia nirudi Ijumaa. Sikurudi. Hospitali ya kwanza niliyokwenda, ambayo sitaitaja, ilinilaza chini ya taa nyekundu ya joto, ikanibandika vibao vya umeme begani, ikaniacha peke yangu dakika 20 na kunitoza 15,000. Mara tatu. Aliyenigusa alinigusa wakati wa kubandua. Hiyo 45,000 siiingizi kwenye hesabu zangu, ingawa naikumbuka.

Mahali pa pili nilipokelewa na binti wa umri wa mwanangu wa pili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, daktari."

"Mimi si daktari, baba. Ni fizio."

Alichukua kipimapembe cha plastiki chenye mikono miwili mirefu, akanibana kiwiko ubavuni na kuugeuzia mkono wangu nje, kama mtu anayefungua mlango. Kushoto nilifika nyuzi 70. Kulia nilifika 12. Akaandika, akanionyesha. Ndiyo mara ya kwanza maumivu yangu kupewa tarakimu, na sijui kwa nini jambo hilo peke yake lilinituliza.

Wenyewe huliita bega lililoganda. Kifuko chembamba kinachozunguka kiungo huvimba, kikawa kinene, kikajikunyata mpaka kichwa cha mfupa wa mkono kinakosa nafasi ya kuzunguka. Huwapata zaidi watu wa kati ya miaka 40 na 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari kuliko wasio nacho. Ndiyo sababu, kabla ya kuniwekea mkono, binti alinipeleka nikapime sukari.

Kikao kile cha kwanza karibu chote kilikwenda kwa maswali. Umeanguka? Una homa za jioni? Umepungua uzito bila kujua sababu? Maumivu yanakuamsha hata ukiwa hujajigeuza? Mwenye kiuno huongezewa mengine: mkojo unakutoka bila habari, sehemu za siri zimekufa ganzi, miguu inaisha nguvu? Kwetu huku swali la homa na uzito si la kujaza fomu. Kifua kikuu hushuka mpaka kwenye uti wa mgongo, na pingili iliyoliwa nacho haipaswi kusukumwa na mtu yeyote, awe na cheti au awe na chupa ya mafuta. Maumivu ya kiuno, kiasi cha asilimia 90, hayana ugonjwa mahususi unaoweza kuonyeshwa kwa kidole. Dakika za maswali zinawatafuta wale wa asilimia 10 iliyobaki. Hazina mafuta, hazina joto, na ukiniuliza mimi ndizo zenye thamani kuliko zote, kwa kuwa kosa la hapo halina bei.

Kisha mkono. Nilitegemea kukandwa, kilichotokea kilikuwa kidogo mno mpaka nikadhani ananifanyia majaribio. Aliweka viganja viwili juu ya kichwa cha mfupa, akaanza kusukuma kwenda mbele na kurudi, mwendo usiozidi unene wa kucha, kama mara mbili kwa sekunde. Dakika moja, akapumzika. Dakika nyingine, akapumzika. Dakika ya tatu. Misukumo 360 hivi, na mtu aliyesimama mlangoni asingeona kinachofanyika. Mbinu hiyo ina mwenyewe: Geoffrey Maitland, mtaalamu wa Australia aliyechapisha kitabu chake juu ya kutibu pingili kwa mikono mwaka 1964, na aliyeipanga misukumo ya namna hii kwa madaraja. Daraja la 1 na la 2 ni midogo, ya kutuliza maumivu. La 3 na la 4 huingia ndani ya ukakamavu wenyewe na kuubishia. Juu ya hayo kuna msukumo mmoja wa ghafla, ule unaolia *ka!* shingoni, ambao watu huulipia kwa furaha kwa sababu wameusikia.

Zamani waliamini mlio huo ni mfupa unarudi mahali pake. Mfupa haukuwa umetoka. Kinachojulikana sasa ni kwamba mguso na mwendo huupa mfumo wa fahamu habari nyingine ya kushughulikia, maumivu yakapungua kwa muda, misuli iliyokuwa inalinda ikalegea. Kwa muda, nasema. Binti aliliweka hivi, akinivalisha shati: "Mkono wangu unakupa saa chache tu, baba. Uzitumie leo leo."

Sasa fedha. Kikao kilikuwa 25,000. Bajaji kwenda na kurudi 16,000, kwa kuwa mtu asiyeweza kushika bomba hana kazi ndani ya daladala saa mbili asubuhi. Kutoka mlangoni kwangu hadi kurudi mlangoni kwangu zilipita saa tatu na nusu, na mimi mhariri wa kulipwa kwa kazi, nusu siku kama hiyo naithaminisha 20,000. Jumla ya safari moja: 61,000. Safari nane: 488,000.

Ukigawa 61,000 kwa dakika 12, kila dakika ya mkono imenitoka shilingi 5,083. Aliyeniwekea mkono hakupata hata nusu yake. Kati ya ile 488,000, hospitali ilipokea 200,000, yaani asilimia 41. Asilimia 59 ililiwa na barabara na kusubiri. Kwa upande wa muda picha ni mbaya zaidi: nilitumia saa 28 ili niguswe dakika 96, chini ya asilimia 6 ya muda wote.

Hapo ndipo mijadala ya bei inapopotea njia. Tukilalamika tiba ya viungo ni ghali tunatazama risiti, na risiti ndiyo sehemu ndogo. Ningepunguziwa ada kwa nusu ningeokoa 12,500 kila safari. Lakini kama kitanda kilekile na binti yuleyule wangekuwa kwenye kituo cha afya cha kata yangu, nauli ingekuwa 1,400 na muda saa moja, ambayo kwa kiwango changu ni 5,700 hivi. Safari ingegharimu 32,100, ada ikiwa palepale. Ningeokoa 28,900, zaidi ya mara mbili ya punguzo. Bima nayo, kwa anayeipata na kama kifurushi chake kinagusa huduma hii, inabeba ile asilimia 41. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge la Tanzania mwaka 2023, haikuandikwa kumlipia mtu bajaji.

Nilipewa nini kwa 488,000? Baada ya kikao cha nane kipimapembe kilisoma 46. Nyuzi 34 zimerudi, kila moja kwa shilingi 14,353. Binti akasema inatosha, yaliyobaki nikayamalizie nyumbani. Nikanunua kamba na kijiti cha deki, 3,500 vyote, nikawa nafanya mara tatu kwa siku, dakika kumi kumi, kwa miezi mitano. Nikafika 68. Nyuzi 22 kwa shilingi 159 kila moja!

Mhasibu mkali ataniambia nimedanganya, kwa sababu safari hii sikujilipa muda wangu. Sawa. Siku 150 kwa dakika 30 ni dakika 4,500, saa 75. Kwa kiwango kilekile ni zaidi ya 428,000, na hapo nyuzi za nyumbani zinafika karibu 19,600 kila moja, ghali kuliko za hospitali. Utetezi wangu ni kwamba kijiti nilikishika huku nasikiliza taarifa ya habari, na sijawahi kulipwa kwa kusikiliza taarifa ya habari. Bado linganisha namba mbili hizi: dakika 96 za mkono wake, dakika 4,500 za kwangu. Asilimia 2 kwa 98.

Na kuna jambo ambalo anayeuza dawa ya bega hakwambii: bega lililoganda kwa kawaida huanza kuachia lenyewe, polepole, kwa miezi mingi au miaka. Siwezi kuapa kwamba nyuzi 56 zote ni kazi ya mkono na kijiti. Uingereza waliwahi kuwachukua watu 503 wenye bega kama langu, katika hospitali 35, wakawagawa kwa kura. Wengine walifanyiwa upasuaji wa kamera, wengine walitiwa usingizi bega likanyooshwa kwa nguvu, wengine wakapata sindano ya steroidi na fiziotherapia ya mpaka vikao 12. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Baada ya miezi 12 makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu, na hakuna lililoyazidi mengine kwa tofauti ambayo mgonjwa angeona ni kubwa. Upasuaji ndio uliokuwa ghali kuliko vyote.

Kiuno ndicho kimehesabiwa zaidi, kwa kuwa kiuno ndicho kinachoumiza dunia. Mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na makadirio ni milioni 843 ifikapo 2050. Waingereza, tena, walifanya hesabu ambayo naipenda kwa uwazi wake. Iliwahusu wagonjwa 1,334 na kuchapishwa mwaka 2004. Kundi moja lilipata huduma bora ya daktari wa kawaida, la pili likaongezewa madarasa ya mazoezi, la tatu likaongezewa tiba ya mikono, vikao visivyozidi vinane vya dakika 20, na la nne likapata mikono kwanza, kisha mazoezi. Wakafuatilia gharama za matibabu mwaka mzima. Ukilinganisha na kundi la kwanza, mazoezi yaliongeza pauni 140 kwa kila mtu. Mikono peke yake, pauni 195. Mikono ikifuatwa na mazoezi, pauni 125.

Isome tena. Waliopewa vyote viwili waliigharimu serikali pungufu ya waliopewa kimoja.

Na nafuu? Kwenye kipimo cha alama 24 cha jinsi kiuno kinavyomzuia mtu kufanya shughuli zake, mikono pamoja na mazoezi iliwapa alama 1.9 zaidi baada ya miezi mitatu, na 1.3 baada ya mwaka. Mikono peke yake, 1.6 kisha 1.0. Mtu aliyelipa kwa matumaini ya muujiza ataziona alama hizo ndogo, na kweli ni ndogo. Mwaka 2019 uchambuzi mwingine ulikusanya majaribio 47 yenye watu 9,211 wenye maumivu sugu ya kiuno na kukuta kwamba kusukuma na kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono kunapunguza maumivu ya muda mfupi sawasawa na tiba nyingine zinazopendekezwa, mazoezi yakiwemo. Sawasawa. Mikono haikushinda, haikushindwa. Miaka mitatu kabla ya hapo mamlaka ya Uingereza inayopanga tiba zipi zilipiwe ilikuwa imeshaamua: tiba ya mikono kwa kiuno iruhusiwe, lakini ndani ya kifurushi chenye mazoezi, isitolewe peke yake.

Waholanzi wana namba ya kuwaonyesha wanaodhani mkono ni anasa. Watu 183 wenye maumivu ya shingo waligawanywa makundi matatu: vikao sita vya dakika 45 vya tiba ya mikono, vikao 12 vya dakika 30 vya fiziotherapia iliyoelemea mazoezi, au kuendelea na daktari wao. Wakahesabu kila kitu kwa mwaka, hata siku ambazo mtu hakwenda kazini. Kundi la mikono liligharimu yuro 447 kwa mtu, la mazoezi 1,297, la daktari 1,379. Baada ya wiki saba waliojiona wamepona walikuwa asilimia 68 kwa mikono, 51 kwa mazoezi, 36 kwa daktari. Ni jaribio moja tu, la watu wachache, na shingo si kiuno. Lakini angalia walichokifanya: waliihesabu siku ya kazi iliyopotea. Huku kwetu nani huiandika kwenye fomu?

Kuhusu ile taa na vile vibao vya umeme. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Ulipendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi, tiba ya pingili kwa mikono, kukandwa misuli, na baadhi ya mengine. Ukashauri mambo kadhaa yasitolewe kama desturi, yakiwemo mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine, mawimbi ya sauti na umeme wa kubandika. Mwongozo huo ni wa kiuno. Begani sina haki ya kuutumia kama fimbo. Ila kila nikipita kliniki yenye bango la mashine mpya, najua bango hilo limewekwa kwa hesabu. Mashine haichoki, haiombi likizo, na inaweza kuhudumia vitanda vinne wakati mtaalamu mmoja yupo kwenye simu. Mkono hauwezi. Kwa mwenye kliniki, hapo ndipo faida ilipo. Kwa mgonjwa, hapo ndipo 45,000 huenda.

Ukomo huo wa mkono ndio unaotuleta kwenye swali la nchi.

Chukua mtaalamu mmoja. Toa Jumamosi na Jumapili, sikukuu za serikali na likizo yake ya siku 28, abaki na siku 225 hivi. Mpe wagonjwa 12 kwa siku, nusu saa kila mmoja: saa sita za kazi ya kusimama na kuinama, na muda uliobaki wa kuandika mafaili. Ni vikao 2,700 kwa mwaka. Kila mgonjwa akihitaji vikao sita, amehudumia watu 450. Akifanya hivyo miaka 30 bila mgongo wake mwenyewe kumgomea, vikao 81,000, watu 13,500. Kwa mtu aliyesomeshwa stashahada ya miaka mitatu, mathalani pale KCMC Moshi, sijui kazi nyingi zinazolipa mtaji wake namna hiyo.

Tatizo ni wako wangapi. WHO husema kuna nchi za kipato cha chini na cha kati zenye wataalamu wa utengamao chini ya 10 kwa kila watu milioni moja. Tuutumie ukomo huo kama kifaa cha kufikiria tu, si kama takwimu ya Tanzania. Kumi kwa milioni, mara milioni 61.7, ni wataalamu 617. Mara 450, ni wagonjwa 277,650 kwa mwaka. Sasa tuseme asilimia 5 tu ya watu wana kiuno kinachouma kiasi cha kutafuta msaada, ambacho ni kiwango cha chini ya wastani wa dunia, nami nimekishusha makusudi kwa kuwa nchi ni ya vijana. Hao ni milioni 3.09. Wataalamu wetu 617 wangewafikia asilimia 9. Na ili wafikie hiyo 9 ingebidi waache kabisa waliopooza kwa kiharusi, waliovunjika miguu kwa ajali za bodaboda, watoto wenye mtindio wa ubongo, na mimi na bega langu.

Kwa hiyo vikao sita vya mkono kwa kila mtu ni ndoto, hata ada ikiwa bure. Wengi lakini hawavihitaji. Kiuno kilichokamata ghafla mara nyingi hulegea ndani ya wiki sita, mtu akiendelea kutembea na kufanya kazi anayoiweza badala ya kulala. Kwa waliobaki, jaribu mpangilio ule wa Waingereza: mikono kwanza, mazoezi yafuate. Mgonjwa apate vikao viwili vya peke yake, dakika 60 za mtaalamu. Kisha madarasa manne ya saa moja, watu wanane kwa pamoja. Fungu lake katika kila saa ni dakika saba na nusu, jumla 30. Dakika 90 kwa mtu badala ya 180. Mtaalamu yuleyule, siku zilezile 225, sasa anahudumia watu 900. Wote 617 wanafikia 555,300. Bado ni asilimia 18 tu ya wenye shida, ila umeiongeza huduma mara mbili bila kuajiri mtu wala kununua mashine. Unahitaji ukumbi na mikeka.

Nilimwambia binti hesabu hiyo, nikiwa nimejisifu kidogo. Alinisikiliza akifuta mikono, kisha akanionyesha kwa kidevu mama mmoja aliyekuwa anafunga kanga pale pembeni. Kiuno. Kikao cha nne, anakuja akiwa ameinama, anaondoka amenyooka, anarudi ameinama. Binti alimuuliza anachota maji madumu mangapi kwa siku. Manne. Dumu la lita 20 lina kilo 20 na ushee; manne ni kilo 80 kwa siku, tani 2.4 kwa mwezi, kutoka bombani hadi mlangoni.

"Mimi namshika dakika 12," alisema. "Wewe mwenye hesabu, nitoe hapo."

Alichofanya si kumwongezea vikao. Alileta dumu tupu la pale wanapowekea maji ya kupigia deki, akalijaza nusu, akamfundisha mama kulibeba karibu na mwili, kubadilisha mikono, kuugawa mzigo kwenye ndoo mbili za lita kumi. Safari za bombani hazikupungua, nadhani ziliongezeka. Ila wiki iliyofuata alikuja hajainama sana, na kwenye kadi yake mtaalamu akaandika arudi baada ya wiki tatu, si baada ya siku tatu. Safari kadhaa za bajaji zimefutwa kwa kalamu.

Miraba yangu miwili iliyobaki nilikuwa nimeshailipia. Mapokezi waliniambia fedha hairudi, lakini naruhusiwa kumpa mtu. Nikampa kijana wa bodaboda wa kijiweni kwetu, ambaye shingo yake haigeuki kushoto, jambo baya kwa mtu anayekatiza Kilwa Road. Alikwenda mara moja. Alisema mkono wa yule dada ni mwepesi, na kwamba shingo iligeuka mpaka saa kumi jioni. Lakini asubuhi ile pikipiki ilisimama, na hesabu ya bosi hakuifikisha. Mraba wa kumi bado uko wazi. Atakwenda, anasema, siku pikipiki ikiwa gereji.